Kitabu cha buku tano na mama wa ngazi

Kwanza bei, maana ndiyo mtakayoniuliza. Buku tano, yaani shilingi elfu tano, pale Posta jijini Dar es Salaam, kwa muuza vitabu vya mtumba anayetandaza turubai lake pembeni ya njia. Alianza na nane. Nikakigeuza, nikamwonyesha kona ya chini ilivyovimba kwa kumwagikiwa na kitu. Akanijibu, "Hicho cha watoto, braza. Ukikikuta kisafi ujue hakijasomwa." Jibu lilinishinda, ila bei nilimshusha. Akanifungia kwenye gazeti, nikapanda basi la mwendokasi hadi Kimara na kitabu changu kwapani.

Kinaitwa Love You Forever. Mtunzi ni Robert Munsch, mzaliwa wa Marekani aliyehamia Kanada, na michoro ni ya Sheila McGraw. Kilitoka mwaka 1986 na huko kimeuzwa mamilioni ya nakala. Mimi hata sikuwa nimewahi kukisikia. Jalada ndilo lililoninasa: mtoto wa kama miaka miwili amekaa sakafuni chooni, karatasi za chooni zimetapakaa, naye ana uso wa mtu aliyemaliza kibarua na anasubiri kulipwa. Binti yangu alipokuwa na umri huo alinifanyia vilevile kwa mfuko mzima wa sembe.

Inabidi niseme nyumbani tuko nani, la sivyo haya nitakayoyasema yatakuwa hewani. Mimi nauza vipuri vya magari Gerezani. Tunakaa Kimara: mke wangu, kijana wa kidato cha pili, binti wa darasa la kwanza, na mama yangu, ambaye nyumba nzima inamwita Bi Mkubwa. Bi Mkubwa ni mtu wa Pangani. Miaka mitatu iliyopita alipigwa na kiharusi, upande wa kulia ukalegea, nikaenda kumchukua. Anaongea, lakini maneno yanatoka mojamoja, kama mtu anayehesabu chenji gizani.

Hadithi yenyewe unaimaliza kabla chai haijapoa. Mama ana mtoto mchanga, anampakata na kumwimbia kawimbo kafupi ka kumwahidi kwamba atampenda siku zote, na kwamba maadamu yeye mama yuko hai, huyo atabaki kuwa mtoto wake. Mtoto anafika miaka miwili, anakuwa balaa: anaangusha vitabu, anatoa vyakula kwenye friji, saa ya mama anaitumbukiza chooni na kuvuta maji. Miaka tisa, haogi, haji kula akiitwa, na bibi yake akija kutembea ndipo anapokumbuka matusi. Akishakuwa barobaro, marafiki wa ajabu, nguo za ajabu, muziki wa ajabu. Kila umri mama anachoka naye, na kila umri, usiku mtoto akishalala, mama ananyata chumbani, anampakata na kumwimbia wimbo uleule. Kijana anakuwa mtu mzima, anahama. Mama anazeeka. Kisha mambo yanageuka, na huko nitafika.

Nakala yangu ni ya Kiingereza, kwa hiyo niligeuka mkalimani, nimekaa kwenye stuli kati ya kitanda cha Bi Mkubwa na mkeka wa binti yangu. Kulikuwa na kazi. Pale mama anapompakata mtoto na kuyumba naye, mimi kwa haraka nikasema "akamtikisa". Binti yangu akainua kichwa.

"Kama chupa ya dawa?"

Nikarekebisha: akambembeleza. Hapo nako nikanaswa, kwa sababu kwetu mtu hubembelezwa akiwa analia, na huyu wa kitabuni amelala fofofo. "Sasa baba, anambembeleza wa nini na keshalala?" Mimi sina jibu, naangalia picha kana kwamba limeandikwa humo. Mke wangu, anakunja nguo zake pembeni, hata hakuinua macho. "Anajibembeleza mwenyewe," akasema.

Wimbo ndio ulionitoa jasho hasa. Kiingereza kina neno la kichanga, na utamu wote wa wimbo uko katika kulibandika neno hilo kwenye jitu lenye ndevu. Kiswahili hakina mshangao huo. Mwanangu ni mwanangu, awe wa siku saba au awe mkuu wa mkoa. Bi Mkubwa ananiita mwanangu kwenye simu huku nimeweka spika na kaunta imejaa mafundi, wala hakuna anayegeuka. Kwa hiyo mstari uliotakiwa kumtoa mtu machozi, nikiutafsiri unapita kama salamu. Nilijaribu "kichanga changu", binti akacheka. Nikajaribu "mtoto wangu mchanga", ikawa kama maneno ya kadi ya kliniki. Sasa hivi tunatumia "kitoto changu", na kijana wangu hapendi kabisa ninapoutamka mstari huo nikimwangalia yeye.

Sasa tuje kwenye ngazi.

Kijana wa kitabuni akishahamia upande mwingine wa mji, mama yake huwa anatoka usiku wa giza, anaendesha gari na ngazi imefungwa juu ya paa. Akiona taa zote za nyumba ya mwanawe zimezimwa, anafungua dirisha la chumba, anaingia, anatambaa sakafuni hadi kitandani, anachungulia. Akikuta jamaa amelala kweli, anamnyanyua huyo mwanaume mzima na kumbembeleza.

Nyumba ililipuka. Kijana wangu ndiye wa kwanza: "Nondo je?" Swali la haki. Sisi dirisha tunaliwekea nondo kabla hatujaliwekea kioo. Huyo mama angefika Kimara na ngazi yake akaishia kumsalimia mwanawe kupitia wavu wa mbu. Mke wangu yeye hakuwa na shida na nondo. Alichukua kitabu akakipekua mbele na nyuma. "Mkewe amelala wapi?" Nami nikatazama, kweli, mke hayupo. Mwisho wa kitabu jamaa ana mtoto mchanga, lakini aliyemzaa haonekani popote. Baba wa jamaa naye hayupo tangu ukurasa wa kwanza. Ni kitabu cha mama na mwana tu, wengine wote wamefutwa, na kwa watu wa nyumba kama yetu, ambako hata kumpa mgonjwa uji kunahitaji watu watatu na ushauri wa wanne, hilo linaonekana haraka.

Bi Mkubwa alikuwa amenyamaza. Akaomba aonyeshwe picha. Akaitazama, midomo ikaanza kumcheza upande ule mzima, na neno likatoka: "Mwanga."

Alicheka hadi nikamwinua asije akapaliwa. Na ukifikiri, ana haki. Mwanamke mtu mzima, usiku wa manane, dirishani kwa watu, anatambaa, anamnyanyua aliyelala bila yeye kuamka: Pwani mtoto yeyote atakuambia huyo ni nani. Mtaani kwetu angekutwa alfajiri bado yuko juu ya ngazi, mjumbe ameshaitwa na mtu anauliza ungo umefichwa wapi. Kicheko changu mimi kilikatika mapema kidogo, kwa sababu kuna mikoa ya nchi hii ambako vikongwe wamekatwa mapanga kwa tuhuma za ushirikina ambazo hazikuhitaji hata ngazi. Lakini sikusema kitu, Bi Mkubwa alikuwa anafurahi.

Wasomaji wa huko nao wamegawanyika kuhusu ukurasa huu. Wengine wanalia, wengine wanasema huyo mama hajui mipaka. Mimi naona kosa la usiku ule lilikuwa langu: niliusoma kwa sauti ya msibani. Munsch ni mtambaji, ni mtu wa kusimulia mbele ya kundi la watoto na kuangalia wanachekea wapi. Kesho yake nikausoma kama ninavyosimulia habari za Sungura na Fisi, mama nikamfanya anahema akipanda ngazi, anajigonga goti, anasema "aaah". Ukapita vizuri. Anayekinunua achukue ushauri huo: ngazi isomwe kwa kuchekesha, vinginevyo utatisha watu.

Baadaye nilisoma kuhusu mtunzi, ndipo kitabu kikanibadilikia mkononi. Munsch na mkewe walipata watoto wawili, wote wakazaliwa wameshafariki. Wimbo ule aliwatungia hao. Kwa muda mrefu alikuwa nao kichwani tu, hawezi kuuimba kwa sauti. Hadithi ilikuja baadaye, akiwa jukwaani, ikauzunguka wimbo. Mchapishaji wake wa siku zote alipouona mswada alisema hiki si kitabu cha watoto, na kikachapishwa na wengine. Yeye na mkewe waliasili watoto watatu. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba ameanza kuugua ugonjwa wa kusahau.

Nikarudi kwenye ukurasa wa saa iliyotumbukizwa chooni. Siku ya kwanza niliuona kama kichekesho cha kawaida cha mtoto mtundu. Sasa najua umeandikwa na mtu ambaye wawili wake hawakufika umri wa kuharibu saa ya mtu. Yale yote, vitabu vilivyoangushwa, matusi mbele ya bibi, muziki wa ajabu, ni orodha ya usumbufu ambao angeulipia chochote apewe. Bi Mkubwa naye alizika mmoja Pangani kabla sijazaliwa mimi, hakupata hata jina. Habari hizi za mtunzi sikumsimulia.

Huyo mchapishaji wa kwanza, kwa upande mmoja namwelewa. Hiki kitabu kinafanya kazi ya kanga. Ukinunua kanga ya "Nani kama mama", si kwamba kuna mtu mtaani anabisha. Unainunua ili uwe na kitu cha kumkabidhi mtu mkononi, kwa sababu kumwambia kwa mdomo unashindwa. Ndiyo maana kule hupeana kitabu hiki mtu akijifungua. Nakala yangu yenyewe ina mwandiko wa kalamu ya bluu ndani ya jalada, bibi akimwandikia mjukuu. Imesafiri na marobota ya mitumba mpaka Posta, na bibi mwingine wa Pangani ndiye anayefunuliwa kurasa zake sasa.

Basi tufike pale mambo yanapogeuka. Mama ni mzee na mgonjwa, anampigia mwanawe simu aje. Anakuja. Mama anaanza kumwimbia wimbo ule, nguvu zinamwishia, haumalizi. Mwana anamnyanyua, anampakata, anayumba naye, na kuumalizia wimbo yeye, safari hii mtoto kageuka kuwa mama.

Hapa nina ugomvi na kitabu, ugomvi wa fundi na fundi. Nyumbani kwetu kuogesha ni kazi ya mke wangu, na ya dada yangu anayekuja Jumamosi kutoka Mbagala. Mtoto wa kiume hautazami mwili wa mama yake, Bi Mkubwa mwenyewe hawezi kukubali, na mimi pia siwezi. Kubeba ndiyo kazi yangu: kitandani kwenda kwenye kiti, kitini kwenda uani kuota jua, uani kurudi kitandani. Na kubeba kuna ufundi wake. Mkono uliolegea hauvutwi hata siku moja, bega la mtu wa kiharusi linaweza kuchomoka. Unaulaza kwanza juu ya tumbo lake. Unapitisha mkono wako wa kushoto chini ya makwapa, wa kulia chini ya magoti. Unachuchumaa. Halafu unainuka na miguu, si na mgongo, na kabla hujainuka unamwambia, "Mama, tunakwenda," ili asishtuke na kujikaza. Muuguzi alinifundisha mara moja tu. Yaliyobaki nimefundishwa na kiuno changu. Sasa yule bwana wa kitabuni anamnyanyua mama mgonjwa kwa urahisi kama anachukua shati kwenye kamba. Nilimtazama nikamwambia, ndugu, wewe hii ni mara yako ya kwanza.

Na ni ya kwanza kweli, tena ya mwisho. Hesabu mwenyewe: mama anaimba akiwa na kichanga, anaimba akiwa na wa miaka miwili, wa tisa, barobaro, mpaka mtu mzima mwenye nyumba yake. Mwana anaimba kwa mama mara moja. Hakuna usiku wa pili. Hakuna kumgeuza kila baada ya saa mbili mgongo usifanye vidonda, hakuna pampasi za wakubwa ambazo bei yake naijua kuliko bei ya pedi za breki, hakuna siku ambayo mgonjwa amekukasirikia bila sababu na wewe umemjibu vibaya ukaenda kukaa nje kwenye ndoo iliyogeuzwa. Mama alipewa kurasa za kuchoka. Nilitaka mwana naye apewe hata moja. Hapo ndipo ninapokikata nyota yake ya tano, si kwenye ngazi.

Hata hivyo ukurasa huo mmoja ndio unaoombwa tena na tena humu ndani. Jumapili moja binti yangu aliusikiliza, akainuka mkekani, akaenda kupitisha kakono kake chini ya shingo ya bibi yake ajaribu kumnyanyua. Alikuwa amepinda mgongo, miguu imenyooka, kila kitu kinyume.

"Mke mwenzangu," Bi Mkubwa akamwambia, pole pole, "utanivunja."

"Bibi, nakubembeleza."

"Haya."

Akakaa hivyo, shingo ya bibi juu ya kakono, mpaka mkono ukafa ganzi akaanza kulalamika.

Kama una mtoto wa miaka mitatu au minne, msomee, atachekea choo na utakuwa umepata faida yako. Kijana wa kidato usimlazimishe, kiache mezani tu, wangu nilimkuta nacho peke yake. Angalizo dogo: usikiweke mezani wakati wa kula, mke wangu kakiondoa mara mbili kwa sababu ya hilo jalada. Kwa mwenye mzazi kitandani, nunua hata kama kona zote nne zimevimba, ila usikisome mara ya kwanza mbele ya watu. Mimi nilijaribu kukipitia kwenye mwendokasi, nimesimama, nimeshika bomba kwa mkono mmoja, na mama mmoja aliyekaa mbele yangu akaniuliza kama nimefiwa.

Halafu kuna ile kona iliyovimba. Wiki nzima tulisoma hadithi yenye pengo na hatukujua. Binti ndiye aliyegundua, akasema karatasi hii nene, baba. Kurasa mbili zilikuwa zimegandana na kile kilichomwagika, juisi nadhani, maana ilinukia tamu. Mke wangu alizipitisha juu ya mvuke wa birika, akachukua wembe mpya, akaanza kuzitenganisha kutoka kwenye mshono kuja nje, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama anapotoa miba ya samaki. Picha ilibanduka rangi nusu nzima. Maneno yakapona.

Ni machache. Yanasema yule mwana aliporudi kwake usiku ule, alisimama muda mrefu juu ya ngazi za nyumba. Baada ya hapo ndipo anaingia chumba alicholala binti yake mchanga, anampakata na kumwimbia. Kitabu hakisemi mama alifariki. Hakisemi jamaa alikuwa anawaza nini pale ngazini.

Sisi hatuna ngazi za ndani. Tuna ukumbi wa hatua nne kati ya chumba cha Bi Mkubwa na chetu. Saa nane za usiku, nikishamgeuza, nikishamfunika, nikishachukua ndoo, huwa nasimama katikati ya ukumbi huo gizani na sijui huwa nasimama kwa nini. Mke wangu ananijua, haniiti. Kwa hiyo binti yangu aliponiuliza yule mtu anafanya nini pale muda wote huo, nilijibu haraka kuliko nilivyotaka: anasikiliza kama mama yake anapumua vizuri.

Bi Mkubwa akageuza kichwa kwenye mto.

"Anapumzisha mgongo," akasema.